Waliyemwita Rwanda Moja

Kabla hawajamwita Rwanda Moja, Julienne Umugwaneza alikuwa na jina jingine pale Birere, soko letu la Goma lililo mpakani: Mama Piblisite, yaani mama wa matangazo. Jina hilo alilipenda. Mimi meza yangu ilikuwa ya pili kutoka kwake, nikiuza vitenge, kwa hiyo niliyaona yote tangu mwanzo hadi mwisho na sitajifanya nilikuwa mbali. Naitwa Fatouma, binti wa Chabani. Baba yangu alitoka Kasongo, ndani kabisa ya Kongo, na lori la chumvi, akaoa Goma, akasahau kurudi. Sina sifa ya upole na sijawahi kuitafuta.

Julienne alizaliwa Rutshuru akaletwa Goma ana miaka sita, mwaka wa vita vile vya kwanza. Mumewe, dereva wa malori, alikufa kwa ugonjwa wa ini akamwachia binti mmoja, Mahoro, na kompyuta moja ya mezani. Kwa kompyuta hiyo akafungua kibanda cha kuandikia watu barua: maombi ya kazi, mashtaka, mialiko ya harusi. Kazi ya matangazo ilimjia kupitia muzee Mushagalusa, muuza magodoro, ambaye siku moja alisimama mbele ya kibanda akakohoa kwanza kama watu wa Bukavu wanavyofanya kabla ya kuomba kitu.

"Mama, weye unajua mambo ya internet. Uniwekee magodoro yangu mule, batu baone."

Alitaka tangazo liwe na majina yake matatu, jina la marehemu baba yake, namba mbili za simu na mstari wa Zaburi. Julienne alivifuta vyote. Akaandika maneno mawili tu, Lala Muzuri, na picha ya godoro lenye mto.

"Papa, marki, ile jina ya kuuzisha kitu, inatakiwa iingie mu mdomo mara moja," alimwambia. "Mutu akiitaja bila kukosea, umekwisha kuuzisha."

Mushagalusa alinuna siku mbili. Wiki ya tatu watu wakawa wanasema "nipatie Lala Muzuri" hata kwa wauzaji wengine wenye magodoro yao tofauti kabisa, na yule muzee akaanza kutembea Birere kama diwani.

Kuanzia hapo Julienne hakuandika barua tena. Kila asubuhi, kabla hajafungua kazi, alisoma kwenye simu habari za watu wa matangazo duniani, kwa Kifaransa, huku akitikisa kichwa. Kisha alitutangazia sisi wa mezani yaliyotokea, kama vile na sisi tulikuwa tumeamka tukiyasubiri. Picha zimekufa, sasa ni video ya sekunde kumi na tano. Sasa kuna mashine inayoandika matangazo yenyewe. Siku moja alitangaza kwamba wakubwa wa huko wanataka kuzikomesha kuki, vile vijifaili vinavyomfuata mtu kila anapopita mtandaoni. Mama mmoja aliyeuza biskuti karibu yetu akashtuka, akauliza ni zile za vanila tu ao zote. Tulicheka mpaka mchana. Julienne hakucheka, alimfafanulia yule mama polepole, kwa heshima, kwa sababu kwake habari hizo hazikuwa mzaha. Aliamini kabisa kwamba mtu wa Birere anaweza kukaa kwenye benchi la mbao akajua mambo siku ileile wanapoyajua watu wa Paris.

Mei 2021 mlima ukapasuka. Lava ilishuka Jumamosi jioni ikasimama ukingoni mwa mji, na siku chache baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka, ikatoka amri ya kuhama. Wengine walishika njia ya Sake, wengine Rutshuru. Sisi wa Birere mpaka uko mlangoni, tukavuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na mizigo kichwani. Kule laini zetu za Kongo zikawa zinashika na kuacha, zinashika na kuacha. Mimi nina mtu wangu Gisenyi ambaye hunipatia vitenge, nikamwomba anitafutie laini mbili za Rwanda, moja yangu na moja ya Julienne. Nilimpa Julienne yake mkononi kwa mkono wangu huu. Nalisema mapema ili usije ukafikiri nalificha.

Kwa laini hiyo, akiwa amekaa juu ya begi lake katika uwanja wa shule, Julienne alifungua ukurasa. Akauita Tuko Goma.

"Mama Mahoro," nikamwuliza, "tuko Gisenyi. Unaandikaje tuko Goma?"

"Ni ya siku ile tutarudia," akanijibu. "Jina haliandikwagi ya leo."

Akaanza kuweka picha za watoto waliopotezana na wazazi wao katika ile mbio. Mtu akiona mtoto anayelia Sake, anapiga picha, anatuma. Mama yuko Gisenyi, anamwona. Siku kumi hazikuisha, watu elfu arobaini walikuwa wanaufuata ukurasa ule. Tuliporudi nyumbani wakaendelea kuongezeka hadi elfu themanini, na Julienne, ambaye hakuwa mjinga, akaanza kuweka matangazo ya Birere mle ndani. Jamaa walioko Brussels na Montréal wakawa wanaliona godoro, wanalilipia, na godoro linafika kwa mama yao mtaani Katoyi kabla ya jua kuzama. Hata vitenge vyangu vilisafiri. Miaka miwili ile ndiyo miaka pekee ninayoikumbuka ambayo mtu wa Goma aliuza kitu bila kwanza kuangalia mlima wala barabara ya kaskazini.

Laini ile hakuibadilisha. Kwenye meza zetu minara ya simu ya ng'ambo iko karibu kuliko yetu, na vifurushi vyao ni rahisi. Birere nzima inafanya hivyo, na anayekataa ananidanganya.

Mwaka mmoja baada ya mlima kupasuka, waasi, ambao mji mzima ulisema wanatumwa na Rwanda, walirudi. Bunagana ikaanguka, kisha Rutshuru, na kijiji cha kina Julienne kikabaki upande wao. Watu waliokimbia wakajaa kambini kuzunguka mji, chini ya mahema ya plastiki juu ya mawe meusi. Ndani ya mji hasira ikawa inatafuta mahali pa kukaa. Mtu akisikika sokoni anaongea Kinyarwanda, lugha ya kina Julienne, anageukiwa, hata kama babu yake alizikwa Masisi, hapahapa Kongo.

Sasa, mtandao ule una sehemu ya ndani ambayo hakuna anayeisoma, inayoeleza ukurasa ulifunguliwa lini na unasimamiwa kutoka wapi. Juni 2023 mtu mmoja akaisoma. Sikuwahi kumjua ni nani. Alipiga picha ya skrini, akazungushia mstari mmoja rangi nyekundu, akaisambaza. Mstari wenyewe ulisema: Nchi ya watu wanaosimamia ukurasa huu: Rwanda (1).

Yule moja kwenye mabano alikuwa Julienne. Mashine ilikuwa imehesabu laini, na minara, na pale ukurasa ulipozaliwa, ikatoa jibu lake, na haikuwa imesema uongo kwa mujibu wa mashine. Lakini nenda ukawaeleze hivyo watu elfu themanini walio na ndugu kambini. Maoni yakaanza kumiminika chini ya kila tangazo. Kumbe Tuko Goma iko Kigali. Mlikuwa mnahesabu watoto wetu mpeleke wapi. Rudi kwenu. Jioni ya siku ya pili nilikuta mtu ameandika kwa mkaa juu ya meza ya Julienne: (1). Nilifuta kwa kanga yangu kabla hajafika kesho yake, lakini mkaa haufutiki vizuri kwenye mbao.

Ndani ya wiki moja jina likawa tayari. Rwanda Moja. Waendesha pikipiki walilitamka wakipita, bila hata kupunguza mwendo. Julienne alilisikiliza kama fundi anavyosikiliza injini ya mwenzake.

"Ni marki muzuri," akaniambia. "Iko fupi. Inaingia mu mdomo mara moja."

Nikakunja vitenge ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa.

Alijaribu yote unayoweza kufikiria. Alinunua laini ya Kongo, akaweka namba mpya, akahamisha meza upande wa pili wa barabara mbali na ile minara. Mstari haukusogea. Aliwaandikia wenye mtandao kwa Kifaransa, akapata jibu kwa Kiswahili safi kuliko changu, lililosema wanasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Tulielewa baadaye kwamba hakuna mtu aliyesikitika. Ni ile mashine inayoandika yenyewe, ambayo yeye alikuwa wa kwanza kututangazia habari zake. Mashine ikamwomba athibitishe kuwa anaishi Kongo, kwa picha ya kitambulisho. Kwetu mtu wa kawaida ana karti ya uchaguzi, basi. Karti yake ilikuwa ya mwaka uleule, na wino ulikuwa umeshaanza kuondoka. Jina lilibaki nusu na uso ulikuwa kivuli cha kijivu chenye masikio.

Alituma mara tatu, mchana wa jua, kwenye kivuli, juu ya karatasi nyeupe. Mara tatu ikajibu kwamba picha haisomeki. Akaenda kuomba nakala ya karti katika ofisi moja ya mjini. Akiwa kwenye foleni, karani akalisoma jina Umugwaneza kwa sauti, akamwuliza na yeye anatafuta nini pale. Alirudi hajapewa hata fomu. Nilimwona anavyotembea kutoka kituo cha pikipiki, nikajua.

Mushagalusa alikuja siku ileile. Alikohoa kwanza.

"Mama, utoe magodoro yangu mule. Siyo miye. Miye ninakujua. Ni batu benye kununua."

"Nimekwisha kutoa, papa," akasema Julienne, na kweli alikuwa ameshayatoa tangu asubuhi ili kumwepusha yule muzee na aibu ya kuomba. Mmoja baada ya mwingine wote wakaondoka. Mimi sikumwomba atoe vitenge vyangu. Nilimwacha tu aelewe mwenyewe, na akavitoa.

Kisha siku moja aliniita kibandani akafunga mlango. Alikuwa amesoma habari mpya. Inawezekana kuongeza msimamizi wa pili, mtu mwenye laini ya Kongo, mwenye karti inayosomeka, mwenye jina ambalo hakuna atakayelitilia shaka. Mashine ikiona watu wawili itahesabu upya. Mwezi mmoja au miwili, na mstari utaandika Kongo, labda Kongo peke yake.

"Karti yako ni ile ya zamani, ya 2018, inaonekana muzuri," akasema. "Na weye ni Fatouma Chabani. Hakuna mutu anaweza kukuambia rudi kwenu. Ni jina yako tu nitaweka, Mama Aziza. Kazi yote nitafanya miye."

Nilielewa vizuri kabisa alichokuwa ananiomba. Alikuwa anajua hata jinsi ya kuniomba bila kunikumbusha nani alimpa ile laini ya kwanza. Nami nikaona kama kwa macho yangu mstari ule ukiandika Rwanda (2), nikaona wale vijana wa pikipiki wakinipa jina, nikamwona binti yangu Aziza akiulizwa shuleni. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

"Niachie nifikiri," nikamwambia.

Akasema sawa. Hakuniuliza tena hata mara moja, na hilo ndilo lililofanya iwe rahisi kwangu kuendelea kufikiri wiki baada ya wiki, huku nikimsalimia kila asubuhi, huku nikimgawia chai.

Novemba, Mahoro alirudi kutoka shuleni akaketi chini ya meza ya mama yake, akakataa kutoka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu tayari, miguu haikutosha kule chini. Watoto wenzake walikuwa wamempa jina. Mama yake akiwa Rwanda Moja, yeye walimwita Nusu. Julienne aliinama akamtazama. Kisha akachukua simu, akafungua Tuko Goma, akabonyeza mahali pa kufuta.

"Inanipatia siku makumi tatu ya kugeuza mawazo," akaniambia. "Nyuma ya pale inaisha kabisa."

Alinitajia zile siku, naamini, kwa ajili yangu. Siku ya ishirini na tisa niliamka nimeamua. Nilivaa, nikaichukua karti yangu, nikaiweka kwenye mkoba, nikafika mbele ya kibanda chake. Mbele yetu walikuwa wamesimama vijana wawili wa pikipiki wakinunua vocha. Nikamwuliza Julienne kama ameona mama wa ndizi amepita. Akasema bado. Nikarudi kwenye vitenge vyangu.

Ukurasa ukaisha. Picha za watoto, maneno ya mama zao, watu elfu themanini, jina aliloupa yeye mwenyewe juu ya begi Gisenyi, vyote vikaenda mahali ambapo vitu hivyo huenda. Kabla ya Noeli aliuza kompyuta akaondoka Birere. Akawa anashuka Kituku, ufukweni mwa ziwa, alfajiri kununua sambaza, vile visamaki vidogo, anapanda nazo mpaka Katoyi anakokaa, anauza kwenye beseni mbele ya nyumba. Sambaza hazikuwa na marki yoyote.

Januari 2025 mji ukaanguka mikononi mwa waasi. Yaliyoonekana siku zile sitaki kuyaandika, na waliokuwepo hawahitaji nyaraka. Umeme ulikatika, maji yakakatika, simu zikawa vioo vya kujitazamia. Vilipoanza kurudi, benki zilibaki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, na wale ndugu wa Brussels walikuwa wanapiga simu kuuliza nani yuko hai, si kununua. Vitenge vyangu vilikaa vikipigwa vumbi. Aprili nikafikiri: labda na mimi nifungue ukurasa. Nilikuwa nimemsikiliza Julienne miaka mitano, kitu kidogo kilikuwa kimeniingia. Nikauita Chabani Vitenge. Nilijihadhari, nilitumia laini ya Kongo. Ila ilikuwa haishiki, kwa hiyo nikawa nanunua intaneti kwa saa kutoka kwa kijana wa duka la jirani anayewagawia watu wi-fi. Watu mia saba wakaanza kunifuata. Niliuza doti nne.

Kisha siku moja nikakumbuka kutazama ile sehemu ya ndani.

Rwanda (1).

Niliketi chini. Wi-fi ya yule kijana ilikuwa inatoka ng'ambo, bila shaka. Yote ilikuwa inatoka ng'ambo siku hizo. Nilifunga meza mchana kweupe, jambo ambalo silifanyi, nikapanda pikipiki mpaka Katoyi. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kumwomba msamaha, na mengine ya kumwomba aniambie namna ya kuuondoa ule mstari, na nilikuwa sijui nitaanza na yapi.

Nilimkuta mbele ya nyumba, beseni miguuni, akifukuza nzi kwa kipande cha katoni. Alikuwa amekonda. Mahoro alikuwa ndani anafua. Shule alikuwa ameacha. Julienne aliniwekea kiti akauliza habari za Aziza, akauliza habari za muzee Mushagalusa. Nikamwambia alivuka mpaka, hajarudi, magodoro yaliporwa. Akasema pole yake. Nikampa simu.

Aliusoma mstari. Hakushangaa wala hakufurahi, na mimi, nakiri, nilikuwa nimetegemea walau kimoja kati ya hivyo viwili.

"Batu ngapi banakufata?"

"Mia saba."

Mteja akaja. Julienne akanirudishia simu, akapima sambaza kikombe kimoja, akaongeza kidogo juu, akafunga kwenye mfuko. Mteja alipoondoka akajipangusa mikono kwenye kitenge chake, na niliona ni kimoja cha vyangu, cha zamani, kimepauka.

"Mama Mahoro," nikasema, "siku ile nilikuja na karti. Ilikuwa mu mukoba."

"Nilijua. Ulikuwa umeishika sana ule mukoba."

Nikaanza kulia. Yeye aliendelea kufukuza nzi. Hakuniambia ninyamaze, na hakuniambia haidhuru.

"Sasa nifanye nini?" nikamwuliza mwisho.

"Ufute," akasema. "Mia saba hazitakuumiza sana. Ufute leo, kabla hazijakuwa mingi."

Nilifuta palepale mbele yake, yeye akinionyesha kwa kidole mahali pa kubonyeza. Kwa siku thelathini nilikuwa naufungua kila asubuhi kuangalia kama kuna mtu ameuliza nimekwenda wapi. Hakuna aliyeuliza.